Jua la Migosi Lilivyotunyima Picha

Ndugu msomaji, wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo nilimpakata mtaani Migosi, mjini Kisumu, siku ya arusi ya mtoto wa ndugu yangu.

Tulitoka Mombasa kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 800, na pamoja nasi alikuwamo shangazi yetu, ajuza wa miaka 80 na ushei, aliyeapa kuwa hataikosa arusi hiyo hata ikibidi abebwe. Nikaha ilisomwa asubuhi msikitini, kisha watu wakarudi Migosi kwa karamu chini ya turubai. Mpiga picha, kijana mtaratibu wa hapo hapo Kisumu, alikuwa kazini tangu saa mbili. Betri zake tatu za akiba zilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa ndani ya gari lililofungwa vioo, linaota jua.

Saa nane mchana shangazi, aliyekuwa amejinyoosha ndani kwa machovu ya safari, akatoka na buibui lake jipya, akaketi ubavuni mwa bwana arusi. Tukataka kumpiga kwa simu, akatukataza. "Mimi nataka picha ya kamera," alisema, "ya kutundikwa ukutani, mimi na mjukuu wangu."

Kijana akainua kamera, nayo ikazima. Akakimbilia gari. Betri ya kwanza ilikuwa haishikiki kwa moto, na kamera ikaikataa. Ya pili ikawaka kidogo, ikafa. Ya tatu ilikuwa imefura hata haikuingia mahali pake. Mpaka ile ya kwanza ilipopoa, bibi wa watu alikuwa amechoka, akaingia ndani. "Kesho basi," alisema. Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kurudi Mombasa, na baada ya miezi minne shangazi akenda mbele ya haki. Leo zipo picha za pilau, za magari na za watoto wa jirani. Yake haipo hata moja.

Simlaumu kijana yule, kwani sote tulikuwa pale na hakuna aliyejua. Ndipo nikaanza kuuliza kwa mafundi na kusoma, nami nakuletea nilichokipata.

Kisumu, kama ujuavyo, imekaa karibu kabisa na Ikweta, juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na zaidi, kando ya Ziwa Viktoria. Jua lake huchoma mwaka mzima, na mchana joto aghalabu hufika nyuzi 30 au hupita. Hewa ina unyevu, kama kwetu pwani. Joto hilo peke yake betri yalistahimili. Balaa ni gari lililofungwa: huko ndani, nje kukiwa na nyuzi 30, joto hupanda likapita 50, na juu ya dashibodi penye jua likazidi hapo.

Betri nyingi za kamera za leo, na za simu pia, ni za lithiamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991. Waliozibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019. Ndani yake chembe za lithiamu husafiri kutoka ncha moja hadi nyingine, ukichaji na ukitumia. Joto likizidi, dawa zilizomo huanza kulana zenyewe kwa zenyewe, na kila siku sehemu ya lithiamu hupotea isirudi tena. Kwa hivyo jua haliui betri kwa siku moja. Laipunguza umri kidogo kidogo, mpaka siku ya haja ndipo unapokuta kibuyu kitupu. Ile iliyofura haikufura siku ya arusi. Ilikuwa imeanza zamani.

Basi shika haya. Betri za akiba zitie katika mkoba wa nguo, uuweke kivulini, si garini wala juu ya bati. Usichaji betri ingali moto. Iache ipoe kwanza, kwani nyingi hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 45. Isishinde kwenye chaja usiku kucha. Ikiwa utaiweka wiki nyingi bila kuitumia, iache na nusu ya chaji, mahali pa baridi, lakini si katika barafu. Na betri iliyofura usiitoboe, usiikandamize, wala usiitupe motoni, kwani huweza kulipuka. Hizi za bei rahisi zisizo na jina, nyingi hazina kinga ya kuzima joto likizidi. Rahisi hugeuka ghali.

Kamera yenyewe nayo ina joto lake. Ukipiga video mfululizo juani, hujizima ili ijiokoe. Mpe mpiga picha wako mwavuli, na nafasi ya kupumzika. Tena ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuja nje, lenzi hufanya umande. Iache kamera ndani ya mkoba wake uliofungwa kwa nusu saa hivi, izoee hewa. Na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Vitie mkobani, vinyonye unyevu, kwani kuvu akiingia katika lenzi, kumtoa ni kazi ya fundi na gharama.

Wazee wetu wa picha walilijua jua tangu zama za filamu, kwani filamu nayo yachukia joto. Capital Art Studio ya Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na Parekh wa Mombasa, walifanya kazi katika hari hii hii, na picha zao ziko hadi leo. Chombo kimegeuka, jua ni lile lile.

Waama, anayeshika kamera arusini ameshika amana ya watu. Nasi tunaomwita tuna sehemu yetu: tumwonyeshe pa kuweka mkoba wake penye kivuli, kama tunavyomwonyesha pa kula. Na wazee, ndugu zangu, wapigwe picha kwanza asubuhi kungali na baridi, kabla ya magari na kabla ya pilau. Kwetu Mombasa ukutani pana msumari uliopigiliwa tayari, na hapana cha kutundika.