Msitu Uko Pugu, Maporomoko Yako Uluguru

Kipupwe kikiingia, watu wa Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto huanza kuulizana: wapi karibu na Dar es Salaam kuna maporomoko ya maji ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo? Ndani ya jiji hakuna, na sababu iko ardhini. Maporomoko hutokea pale mto unapokutana na mwamba mgumu usiolika upesi. Ukanda wetu wa pwani ni mchanga, mfinyanzi na mawe laini. Hata vilima vya Pugu, vyenye udongo mweupe wa kaolini uliochimbwa zamani hadi yakabaki mapango ya popo, havina mwamba wa kuuzuia mto. Hapa maji huchimba makorongo tu. Mwamba mgumu wa kale utaukuta Morogoro, kwenye milima ya Uluguru.

Kwa hiyo anayepanga matembezi ya siku moja atenganishe mambo mawili: msitu uko mlangoni pake, maporomoko yanataka safari. Nashauri aanze na msitu, kwa sababu ndiko mwili unakozoea na ndiko kosa dogo halileti madhara makubwa.

Msitu ninaoutanguliza ni wa Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Daladala za Gongo la Mboto kwenda Kisarawe zinapita jirani. Ni mabaki ya misitu ya pwani, aina ya msitu iliyobaki vipande vipande kutoka Somalia hadi Msumbiji, na humo wanaishi viumbe wasioonekana penginepo duniani. Komba wa Rondo, mwenye uzito wa takriban gramu 60, yumo; hutamwona, kwani hutoka usiku. Ukitembea kimya asubuhi unaweza kumwona sange, mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, akipekua majani makavu. Juu ya kichwa chako mibungo imejisokota kwenye miti mikubwa, ile ile inayotupa mabungo ya juisi. Na vijito vinavyozaa Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima hivi. Miti ikikatwa kwa mkaa huku juu, mvua haipati muda wa kuzama ardhini. Inateremka yote kwa mara moja, na bonde la Jangwani jijini linafurika. Mkazi wa jiji akiuona mwanzo wa mto huo kwa macho yake, habari za mafuriko anazisoma kwa namna nyingine.

Wa Temeke wana Vikindu, wilayani Mkuranga, kando ya Barabara ya Kilwa. Msitu umekatwa sana, lakini kwa familia yenye watoto wadogo matembezi mafupi yanatosha. Wa Kinondoni wana Pande, kati ya Mbezi na Mabwepande. Jina hilo huwakumbusha wengi Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini na dereva wa teksi walipouawa humo, na woga uliobaki unaeleweka. Leo Pande ni pori la akiba chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA: unapita getini, unalipia, na unatembea na askari wa wanyamapori. Sikushauri kuingia kwa njia za panya, si Pande wala msitu mwingine wowote wa hifadhi. Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali, chukua risiti, na mwombe ofisa akupe mtu anayezijua njia.

Ukitafuta mwenyewe kwa picha za setilaiti kwenye simu, tahadhari: si kila kijani ni msitu. Mikorosho na miembe huonekana kama madoa ya mviringo yaliyoachana, na ardhi nyekundu au ya kahawia inaonekana katikati. Msitu wa asili una sura ya kukunjamana, miti mikubwa na midogo imebanana, rangi hazilingani. Mstari wa kijani kilichokoza unaojipinda ndani yake aghalabu ni bonde la kijito. Ukishaupata, uliza ofisi ya kijiji au ya mtaa kama njia inapitika, kwani picha hiyo inaweza kuwa ya miaka iliyopita.

Kisha panga saa, na uanze kuhesabu kutoka jioni. Jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, na chini ya miti giza hutangulia. Mtu mzima asiye na haraka hutembea kilomita mbili hadi tatu kwa saa msituni, kwa joto letu huenda pungufu. Weka saa ya kugeuka, mwambie kila mmoja kabla hamjaondoka, na ikifika geukeni hata kama mmebakiza kilima kimoja. Mengine ni mepesi: lita mbili za maji kwa kila mtu, viatu vya kufunga, suruali ndefu kwa ajili ya kupe na upupu.

Sasa maporomoko. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024, safari ya reli haifiki saa mbili, na maporomoko ya Choma, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya mji, yamekuwa ya siku moja kwa anayeondoka alfajiri. Kata tiketi ya kurudi kabla ya kukata ya kwenda. Maporomoko ya Sanje, yenye mita 170 kwenye hifadhi ya Udzungwa, yapangie kulala. Kuyakimbilia na kurudi Dar siku hiyo ni kuchoka bure.

Nenda kuanzia Juni. Masika yamekwisha, njia zimekauka, na maji bado yanatiririka kwa sababu udongo wa msitu wa mlimani huyahifadhi na kuyaachia polepole. Sehemu ya maji ya Uluguru huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba ya Dar.

Hatari kubwa ya maporomoko ni mvua usiyoiona, inayonyesha juu huku mlipo kukiwa na jua. Maji yakibadilika rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, au mngurumo ukiongezeka, tokeni mtoni papo hapo na mpande juu. Msirudi kuchukua viatu. Mlimani mawingu hujikusanya zaidi mchana, hivyo anayetaka kuoga aoge asubuhi. Na kama mkifika mmekuta wingu jeusi limekifunika kilele cha Bondwa kwenye Uluguru, ishieni Morningside chini yake, kwenye jengo la enzi ya Wajerumani, mle chakula chenu na mshuke mapema kuwahi treni.