Lori Bovu na Bei ya Haki

Pengine umewahi kuliona kijijini: lori la zamani, Bedford au jamaa yake, limeegeshwa kando ya migomba, tairi zimezama ardhini, kuku wanatagia kwenye kabini. Enzi zake lilibeba kahawa ya maganda kwenda Bukoba.

Chukua familia moja hapa Kimuli. Mzee amefariki, mjane ana ada za kulipa, wanaamua kuliuza. Anafika mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake, anataja bei ya kilo. Kisha anafika fundi wa mjini. Anafunua boneti, anagonga chesisi kwa nyundo, anasikiliza. Chuma ni kizima, injini haijakwama. Anajua wapo watu wanaotafuta magari ya aina hii wayafufue, wengine kwa kazi, wengine kwa fahari tu. Lakini mdomoni anasema: “Mama, hiki ni chuma chakavu tu.”

Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamfahamu mtu huyu. Anaiponda bidhaa mbele ya mwenyewe, akishaondoka anajisifu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliligusa jambo hili katika karne ya 13, katika Summa Theologiae. Mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akalijua hilo akanyamaza, mnunuzi amenunua bila haki na anawajibika kurudisha. Wengi tunadhani udanganyifu ni wa muuzaji peke yake! Katekisimu ya Kanisa, namba 2409, inaweka chini ya amri ya saba hata kucheza na bei kwa sababu mwenzako hajui au ana shida. Sisi wa Kagera tunaijua dhambi hiyo kwa jina: butura, kahawa inayonunuliwa kwa bei ya kutupa ikingali maua shambani, kwa sababu mwenye shamba ana njaa.

Muuzaji naye asijifiche. Thomas anasema farasi mwenye jicho moja hahitaji kutangazwa, kila mtu anamwona, mradi bei iwe ya farasi wa jicho moja. Tairi zilizooza ni hivyo hivyo. Lakini ufa wa chesisi uliopakwa rangi, au breki zisizoshika, lazima viseme wazi kinywani mwako, maana vinaweza kuua.

Tena kuna kadi ya gari. Ikiwa bado ina jina la marehemu, kwanza apatikane msimamizi wa mirathi kupitia mahakama. Kijana mkubwa akiliuza kimyakimya, ameuza mali ya mama na ya wadogo zake, hata kama bei ilikuwa nzuri.

Na fundi aliyekwisha kununua kwa kilo, kisha lori likaunguruma na kumletea faida? Nyumba ya mjane anaijua. Aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akakaribishwa ndizi.