Kombe la mheshimiwa na swali ambalo sikuuliza

UZI. Kila mdahalo wa siasa lazima mtu aseme: "Tutahusisha vijana kupigana na ufisadi kupitia michezo." Makofi, halafu mada inabadilishwa. Leo tuifungue hiyo sentensi, maana mimi nimeichezea mpira.

Nilikuwa nahodha wa timu ya kijiji hapa Timboroa. Kama hupajui, ni kule juu kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret, zaidi ya mita 2,700, baridi ya kuganda vidole na malori ya viazi usiku na mchana. Uwanja wetu nyasi zinakatwa na ng'ombe.

Msimu mmoja kabla ya uchaguzi, mheshimiwa fulani akaleta kombe. Jezi zina jina lake mgongoni, na kifuani "Vijana Tukatae Ufisadi". Tukashinda fainali. Kwenye maikrofoni ikatangazwa elfu 50. Mkononi mwangu ikafika elfu 32. Hizo zingine, nikaambiwa, "zimesaidia mipango".

Karatasi ilisema 50. Nikaweka sahihi.

Ndio, mimi. Nilijiambia ni pesa za bure, na ukiuliza sana mwaka ujao hakuna kombe. Jezi bado ninayo, nalimia nayo.

Sasa, mambo ambayo ningejua siku ile. Sheria ya NG-CDF ya 2015 iliruhusu hadi asilimia 2 ya mgao wa eneo bunge iende kwa michezo, lakini ikakataza zawadi za pesa taslimu. Kwa hivyo swali lilikuwa rahisi tu: hizi 50 zimetoka wapi? Kama ni za CDF, hazikufaa kuwa pesa mkononi. Kama ni za mfuko wake, basi tulikuwa tunacheza kwenye kampeni yake.

Na viwanja? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka michezo na viwanja vya kawaida mikononi mwa kaunti. Ukiambiwa "tunangoja Nairobi", kuna uwezekano unazungushwa.

Kuuliza nako si kupiga kelele. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na kupeleka ombi ni bure. Wakikunyima, unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Karatasi yenye hesabu ya uongo, kama ile yangu, ni ya EACC: wana ofisi Eldoret, na 1551 haikatwi pesa.

Kijana mmoja akiandika barua hiyo, atatishwa. Timu ina watu 20, ina nahodha, ina grupu ya WhatsApp. Hapo ndipo michezo inasaidia kweli, si kwa maandishi ya kifuani.

Mfano upo. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza 1987, na timu zake zilipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Pointi za kweli, kwenye msimamo! Na msidhani mpira uliharibika: Mathare United ikachukua ligi kuu 2008. Mbona ligi ya kijiji isitoe pointi kwa timu inayosoma hesabu zake hadharani?

Sisi tumeanza na hesabu zetu. Kila Jumapili mweka hazina anasoma: michango ya bob 50, nauli, kuziba mpira. Siku ya kwanza kulikuwa na pengo la 700 na karibu tupigane. Mweka hazina ni binamu yangu, so mnaweza kufikiria chakula cha jioni kilikuwaje. Alizilipa.

Barua ya kuuliza bajeti ya uwanja tumeipeleka, sahihi 19. Mmoja alikataa, babake anauzia kaunti mawe, na simlaumu.

Leo ni siku ya 8. Jibu likija nitaliweka hapa chini.