Tarehe za Punia: maktaba ipi, kwa gharama gani?

Risiti ya mfuko wa kasiterite (madini ya bati) unaotoka Punia kwenda Kindu, mkoani Maniema, Kongo, haina maneno mengi: uzito, jina la muuzaji, tarehe, saa. Uzito utabishaniwa, kwa sababu mizani ipo na kila mtu anaiona. Tarehe na saa hupita bila kuulizwa. Zimeandikwa na simu, na simu imefuata maktaba ya programu ambayo mtu aliichagua kwa dakika tano.

Wengi huchagua kwa kutazama ukubwa, na huku kwetu ukubwa ni pesa. Moment.js pamoja na lugha zake zote ina karibu kilobaiti 70 hata ikishabanwa. Luxon ni karibu 20. Day.js inajitangaza kwa 2, ila lugha na saa za maeneo unaziongeza kando. Intl.DateTimeFormat haipakuliwi kabisa, maana imo ndani ya kivinjari. Kwenye mtandao wa kilobiti 100 kwa sekunde, kilobaiti 70 ni sekunde tano na nusu za kungoja. Kilobaiti 2 hazifiki hata robo ya sekunde. Moment, tena, walioitunza walitangaza wenyewe Septemba 2020 kwamba haitaongezewa mambo mapya. Kwa kazi inayoanza leo sioni sababu ya kuichukua.

Lakini kilobaiti ni gharama ndogo. Gharama kubwa imejificha kwenye majina ya siku.

Kiswahili kiliingia Maniema na misafara ya karne ya 19, kikaweka makao Kasongo na Nyangwe, kisha kikakua kwa njia yake. Pwani wanahesabu siku kuanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku inayofuata Jumapili. Kwa hesabu ya Kongo siku hiyohiyo ni siku ya kwanza, na siku ya tatu ni Jumatano ya pwani. Maktaba ikiandika “Jumatatu” kwenye risiti, msomaji anayesikia “tatu” anaweza kufika siku mbili baadaye, na hakuna aliyesema uongo. CLDR, hazina ya data za lugha inayotumiwa na vivinjari na simu, iliwahi kuweka Kiswahili cha Kongo chini ya msimbo wake wenyewe, swc, wenye “siku ya yenga” na “mwezi ya kwanja”. Baadaye kikahamishiwa sw-CD, tawi la Kiswahili cha jumla. Kwa hiyo programu iliyoandikiwa “sw” tu inazungumza Kitanzania, hata ikifunguliwa Punia.

Hapo ndipo bei inapogeuka. Intl ni ya bure, lakini maneno yake huwezi kuyabadilisha. Unachukua alichonacho mwenye simu, na simu ya zamani ina data ya zamani. Hata upande wa seva, Node.js kabla ya toleo la 13 ilikuja na data ya Kiingereza peke yake. Day.js inakuruhusu kuandika faili yako ya lugha: siku saba, miezi kumi na miwili, kazi ya nusu saa. Kwa risiti za Punia, nusu saa hiyo naithamini kuliko kilobaiti zote nilizotaja.

Saa ina mtego wake. Faili ya Kiswahili ya Moment huandika “leo saa” halafu namba ya saa ya Kizungu. Mtu aliyezoea kwamba saa mbili asubuhi ni 08:00 akisoma “leo saa 08:00” atawaza saa nane, yaani 14:00. Maktaba hizi hazibadilishi hesabu hiyo ya saa sita. Afadhali kuliondoa neno “saa” na kuandika 08:00 au 08h00, kama karatasi za serikali zinavyoandika kwa Kifaransa.

Halafu nchi yetu ina saa za maeneo mawili. Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, Maniema saa mbili pamoja na Lubumbashi. Iambie mashine Africa/Lubumbashi, usiiachie ikisie kwa jina la nchi. Usishtuke baadhi ya programu zikikuonyesha Africa/Maputo: katika hazina ya saa za maeneo, la kwanza ni kiungo tu cha la pili.

Mimi ningehifadhi kila wakati kwa UTC, ningeiachia Intl hesabu ya eneo, na majina ya siku ningeyaandika mwenyewe. Anayehitaji maktaba kamili achukue Day.js na nyongeza zake za lugha na za saa za maeneo. Anayetengeneza programu ya Android ana java.time, iliyomo tangu Android 8. Simu za chini ya hapo zinahitaji nyongeza, na Punia bado zipo.

Kabla ya kuamua, ipe maktaba jaribio moja: 31 Desemba 2024, 22:30 UTC. Kwa Kinshasa lazima itoe 23:30 ya tarehe ileile, siku ya pili. Kwenye java.time, ikitoa Desemba 2025, umeandika YYYY, mwaka wa hesabu ya wiki, pale palipotakiwa yyyy. Kwa Punia lazima itoe 00:30, tarehe 1 Januari 2025, siku ya tatu.