Kitako cha Bunduki na Kazi Yake

Watu wengi waionapo bunduki hutazama kasiba na mtambo tu, na mti huudhani kuwa ni pambo, au mpini wa kushikia kama wa jembe. Sivyo. Risasi hutoka katika chuma, lakini shabaha kwa sehemu kubwa yautegemea mti.

Tutwae mfano wa Lee-Enfield, bunduki waliyoichukua askari wa Keya katika vita ya 1939-1945. Uzito wake ulikaribia ratli 9, na risasi yake ilitoka kwa mbio za futi 2,400 hivi kwa sekunde moja. Baruti isukumapo risasi mbele, huisukuma na bunduki nyuma wakati ule ule. Kama chuma kingeishia katika ncha nyembamba, kingemwumiza mpigaji vibaya. Lakini kitako kwa upana wake huyaeneza mapigo yale begani, mradi kikazwe barabara. Tena kimeinama kidogo, ili mtu aegemezapo shavu, jicho likutane na alama za kulengea. Na kwa kuwa mikono ya watu haina urefu mmoja, vitako vilifanyizwa virefu, vya kawaida, na vifupi.

Mti wa mbele huukinga mkono na moto wa kasiba, lakini una kazi kubwa kuliko hiyo. Kasiba hulala juu yake. Mti ukinywa maji ya mvua huvimba au kupinda, ukaisukuma kasiba upande, na risasi zikaenda kombo ingawa mpigaji hana kosa. Risasi ikikosa kwa upana wa kiganja tu, nyati hujeruhiwa asife, na kila mwindaji ajua maana yake. Kwa hiyo Waingereza walipenda mti wa jozi uliokaushwa sana, maana ni mgumu wala haupasuki upesi, nao wakausugua mafuta ya kitani. Waaustralia walitumia na miti ya kwao.

Mwisho wa kitako pana kibamba cha shaba chenye mlango mdogo. Ndani yake hukaa chupa ya mafuta na ugwe wa kusafishia. Kitako chenyewe hushikwa na parafujo ndefu ipitayo ndani, na ncha yake ya mraba huingia katika mti wa mbele. Fundi asiyejua, akiizungusha kabla ya kuuondoa mti ule, huupasua. Mti uliopasuka, hata ukifungwa waya, hauishiki tena kasiba sawasawa. Bunduki hiyo yafaa ipelekwe kwa fundi wa silaha kabla mtu hajaichukua kwenda kulinda shamba.