Mtazame Samaki, Usitazame Maji

Juma hili nazungumzia samaki. Simsemi wa kukaanga, namsema aliye hai katika tangi la kioo dukani, akingoja mnunuzi. Mimi si bwana samaki kwa kazi. Niliyoyajua nimefundishwa na hasara.

Mjomba wangu anakaa Handeni, wilaya inayofahamika kwa shida ya maji, hata ya bomba huvutwa kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe kwa mradi ule tunaouita HTM. Basi mjomba alichimba bwawa, akahangaika hadi likajaa, akauza mbuzi, tukaenda pamoja Korogwe kununua vifaranga vya perege. Muuzaji alikuwa na matangi mawili. Moja lilikuwa na maji ya kijani kijani. La pili liling'aa kama glasi ya maji ya kunywa. "Mpwa wangu," akasema mjomba, "tuchukue hawa wa maji safi." Tukachukua 200. Kutoka Korogwe hadi Handeni hazifiki kilomita 70, lakini tulipofungua mifuko zaidi ya nusu walikuwa wanaelea matumbo juu. Waliosalia hawakumaliza juma.

Tulihukumu kwa macho, na macho hayaoni sumu ya samaki. Samaki hutoa uchafu wa mwili wake kwa njia ya amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua. Amonia ikiyeyuka majini haina rangi. Katika tangi lililozoea samaki, wamo bakteria wanaokaa kwenye mawe na kwenye sifongo la chujio, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kujijenga. Sasa mfikirie muuzaji anayemwaga maji yote kila asubuhi, akasugua mawe na sifongo, akafungulia bomba. Tangi linang'aa, lakini walinzi wake wamekwenda na maji machafu, na klorini ya bomba inaunguza matamvua ya samaki. Maji ya bomba yenye klorini yangepaswa kukaa wazi walau siku moja kabla ya kutiwa samaki.

Ule ukijani nao ni mimea midogo sana, na perege huistahimili vizuri. Mimea hiyo hula amonia. Ila usiku huvuta hewa ileile ya samaki. Kwa hiyo nenda dukani alfajiri, kabla muuzaji hajapamba tangi lake. Ukikuta samaki wote wamepanda juu, vinywa nje, wanahema, ujue hewa imekwisha.

Kisha mtazame samaki mwenyewe. Matamvua yanapiga taratibu au mbiombio? Mapezi yamekunjuliwa, au yamebanwa mwilini kama mtu mwenye baridi? Ana vidoadoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, au ukungu kama pamba? Anajisugua kwenye mawe? Tazama pembeni kama kuna mfu aliyesahauliwa. Halafu mwombe muuzaji atupie chakula kidogo. Samaki mzima hukimbilia. Asiyetaka kukimbilia, mwachie mwenyewe. Ni hivyo hivyo kwako wewe wa mjini unayetafuta samaki wa dhahabu wa kupamba sebule.

Uliza pia ni samaki gani. Perege wa mto huu ana jina la mji wenyewe: mtaalamu Rosemary Lowe alimweleza mwaka 1955, na leo wataalamu humwita Oreochromis korogwe. Sato si mwenyeji wa Pangani, na wawili hao huzaliana. Muuzaji asiyejua alikowatoa vifaranga hajui pia walikuwa na ugonjwa gani huko.

Safari nayo ina yake. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Mifuko yetu ilikuwa juu ya buti la basi, jua la mchana, na vifaranga walikuwa wamelishwa asubuhi ileile, wakazidi kuchafua maji. Wangefungishwa siku moja, wakasafirishwa usiku, maji theluthi ya mfuko na juu yake oksijeni.

Miezi michache baadaye mjomba alikwenda peke yake, alfajiri, kwa muuzaji mwingine. Alinunua 60 tu. Alipofika aliielea mifuko katika pipa la maji yaliyotulia, dakika 20, ndipo akaifungua. Hakuwapeleka bwawani, aliwaacha pipani juma zima akiwaangalia kila jioni. Walikufa watatu.