Bidoni kavu si bidoni safi: namna chachu inavyojificha



Wamama wanaokamua nanasi hapa uwanda wa Ruzizi wanatuuliza swali lilelile: «Tunaosha bidoni na sabuni, tunaianika kwa jua siku mbili. Juu ya nini jusi inavimba tena?» Chupa ikivimba, kifuniko kinaruka, na mzigo wa soko la Uvira unabaki nyumbani. Watu wanalaumu matunda, lakini mara nyingi nanasi haina kosa.

Anayevimbisha chupa ni chachu, kiumbe cha seli moja. Ndugu zake ndio wanaogeuza maji ya ndizi kuwa kasiksi. Ni ndogo sana: karibu 200 zikipangwa mstari ndipo zinafika milimita 1. Moja ina jina letu kabisa. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza baada ya kuipata katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Leo inachunguzwa katika maabara za dunia nzima.

Sukari ikiwepo, chachu hiyo inakula na kugawanyika katikati. Chakula kikipungua, hasa azoti (ileile tunayoipa mahindi kwa urea), inabadili mwenendo. Seli mbili zinazopatana zinaungana kuwa moja. Kiini chao kinagawanyika mara mbili, vinatoka viini vinne.

Kwa hadubini ya kawaida utaona mfuko wenye punje nne, kama maharagwe ndani ya ganda. Hadubini ya elektroni inaonyesha jinsi punje zinavyojengwa. Wataalamu wanagandisha seli ndani ya plastiki ngumu, wanaikata vipande vyembamba chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kisha wanapiga picha. Hapo unaona utando mpya ukianza kando ya kila kiini, umepinda kama kikombe. Unakua, unakizunguka kiini, mpaka midomo ya kikombe inakutana na kufunga. Utando huo una ngozi mbili, na katikati yao unajengwa ukuta mzito. Kila punje iliyofungwa hivyo ni spora.

Kumbe ndiyo siri ya bidoni. Spora inavumilia ukavu, na inavumilia joto kuliko seli ya kawaida. Inalala ndani ya mikwaruzo ya plastiki, mahali burashi haifiki. Jua linaikausha tu. Siku mnapomimina jusi mpya, sukari inaiamsha.

Lakini kuchemka haiwezi. Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Sugueni kwanza kwa sabuni na burashi. Bidoni iliyokwaruzika ndani ibaki ya kuchotea maji ya kazi nyingine.
2. Tumieni chupa za kioo. Zichemsheni ndani ya maji dakika 10, pamoja na vifuniko.
3. Pasheni jusi mpaka karibu na kuchemka, jazeni ingali moto, fungeni mara moja. Lazeni chupa ubavuni dakika chache ili moto uguse kifuniko.

Chupa ya plastiki ya maji inajikunja kwa moto. Ndiyo maana wengi wanangoja jusi ipoe, na hapo chachu inarudi.

Angalizo: njia hii ni ya matunda machachu, kama nanasi na marakuja. Usifungie maziwa wala sombe hivyo. Kuna bakteria ambazo spora zake zinavumilia hata maji yanayochemka, na zinaweza kuua mtu.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kijaze chupa mbili: moja ya plastiki kwa njia ya zamani, moja ya kioo kwa njia hii. Ziwekeni kivulini juma moja, mbali na watoto. Mtakuja kutuambia ipi imevimba.